Saa za Kompyuta na Baiti Mbili za Ziada

Jua halifiki utosini kwa wakati mmoja katika kila pembe ya Tanzania. Mji wa Dar es Salaam uko karibu na longitudo 39°17′ Mashariki, na mji wa Karatu uko karibu na longitudo 35°40′ Mashariki. Kwa kuwa Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kwa dakika nne, jua hupita juu ya Dar es Salaam dakika 14 na nusu hivi kabla ya kupita juu ya Karatu. Tena Saa ya Afrika Mashariki yenyewe imefuatishwa mstari wa longitudo 45°, ambao haupiti kabisa katika ardhi ya Tanzania. Kwa hiyo mtu aliyeko Karatu akisimika kijiti wima ardhini ataona kwamba kivuli chake hufikia ufupi wake wa mwisho, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 37 mchana, wala si saa sita kamili.

Hata hivyo kengele za shule za Karatu hazilii kwa kufuata kivuli cha kijiti hicho. Hulia kwa saa ile ile inayotumika Dar es Salaam, Kigoma na Mtwara. Saa ya taifa basi ni makubaliano: watu walio mbalimbali wamekubali kutaja wakati kwa namna moja ili shughuli zao zipatane. Kompyuta nazo zinahitaji makubaliano ya aina hiyo, ila kwa usahihi mkubwa zaidi. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta zinavyopatanisha saa zake kwa njia ya mtandao, na jinsi baiti mbili tu zisizo na maana yoyote zinavyoweza kuharibu kazi hiyo.

MLIMA UNAOHITAJI SAA SAHIHI

Katika Wilaya ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron, umesimama mlima wa Ol Doinyo Lengai, wenye kimo cha meta 2,960 hivi. Ndio volkano pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya aina ya natrokabonati, ambayo ina joto dogo kuliko lava za milima mingine. Mwezi Julai 2007 mfululizo wa mitetemeko uliitikisa sehemu hiyo ya Bonde la Ufa. Tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17 Julai, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na watu wa Nairobi walilisikia. Mwezi Septemba mwaka huo huo mlima ulianza kulipuka kwa nguvu, na milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008. Tangu mwaka 2016 umekuwapo mtandao wa vituo vya kudumu vya GNSS uitwao TZVOLCANO, ambao Chuo Kikuu Ardhi ni mmoja wa washiriki wake. Vituo hivyo hupima jinsi ardhi ya mlima inavyosogea.

Mtaalamu anayetaka kujua tetemeko lilianzia wapi hulinganisha nyakati ambazo mawimbi yalifika katika vituo mbalimbali. Mawimbi ya kwanza husafiri katika miamba ya gamba la Dunia kwa mwendo wa kilometa 6 hivi kwa sekunde. Saa ya kituo kimoja ikikosea kwa sekunde moja, hesabu ya umbali kutoka kituo hicho itakosea kwa kilometa 6.

Saa ya kompyuta huongozwa na kipande cha kwazi kinachotikisika. Kwazi ya kawaida yaweza kukosea kwa sehemu 10 katika milioni moja. Kosa hilo laonekana dogo, lakini siku moja ina sekunde 86,400, na 86,400 ikizidishwa kwa 10 na kugawanywa kwa 1,000,000 hutoa sekunde 0.864. Saa ya namna hiyo ikiachwa bila kurekebishwa kwa siku moja tu, hesabu ya umbali itapotoka kwa zaidi ya kilometa 5, sawa na robo ya upana wa kreta ya Ngorongoro. Vituo vilivyo porini aghalabu hupata saa moja kwa moja kutoka setilaiti. Lakini panapokuwa na vyombo vingi mahali pamoja, yafaa chombo kimoja kipokee saa kutoka setilaiti na kuvigawia vingine kwa njia ya waya.

JINSI SAA MBILI ZINAVYOPATANISHWA

Kanuni ya kupatanisha saa kwa ujumbe yaweza kuelezwa kwa mfano wa tarishi wa pikipiki. Tuseme shule moja ya Karatu inataka kulinganisha saa yake na saa iliyoko katika lango la Lodoare, mahali pa kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Tarishi anaondoka shuleni saa 2:00 asubuhi kwa saa ya shule. Anapofika langoni, saa ya huko inaonyesha 2:40. Anaondoka langoni saa 2:50 kwa saa ya lango, na kufika shuleni saa 3:20 kwa saa ya shule.

Safari ya kwenda imeonekana kuchukua dakika 40, na ya kurudi dakika 30. Kama njia huchukua muda ule ule kwenda na kurudi, basi kila safari ilichukua dakika 35, na saa ya lango iko mbele kwa dakika 5. Hesabu yake ni hii: toa 30 katika 40, kisha gawanya kwa mbili.

Lakini barabara ya kutoka Karatu kwenda Ngorongoro hupanda mlima. Tuseme kweli yake ni kwamba kupanda huchukua dakika 45 na kushuka dakika 25. Jumla bado ni dakika 70, na takwimu zote nne zilizoandikwa na tarishi hazibadiliki. Sasa inadhihirika kwamba saa ya lango haiko mbele hata kidogo. Iko nyuma kwa dakika 5! Kosa la hesabu ni dakika 10, yaani nusu ya tofauti iliyopo kati ya muda wa kupanda na muda wa kushuka. Hapana budi msomaji aishike kanuni hii: ucheleweshaji ulio sawa pande zote mbili haupotoshi saa, ila ucheleweshaji wa upande mmoja huipotosha kwa nusu yake.

Kompyuta hufanya kazi ile ile ya tarishi, tena mara nyingi. David Mills, mtaalamu wa Marekani, alichapisha mwaka 1985 maelezo ya itifaki iitwayo NTP, ambayo mpaka leo ndiyo hurekebisha saa za kompyuta nyingi duniani. Kwa kazi zinazotaka usahihi wa sehemu za milioni moja za sekunde, au chini ya hapo, ilitungwa itifaki nyingine iitwayo PTP. Kiwango chake, IEEE 1588, kilitolewa mwaka 2002 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2008 na mwaka 2019. Katika PTP, kadi ya mtandao yenyewe hupiga muhuri wa saa wakati ujumbe unapopita, ili shughuli nyingine za kompyuta zisiongeze ucheleweshaji usiotabirika.

ETHENETI NA UREFU WA CHINI WA FREMU

Kompyuta zilizo katika jengo moja aghalabu huunganishwa kwa mfumo wa Etheneti. Wazo la mfumo huo liliandikwa na Robert Metcalfe tarehe 22 Mei 1973, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California. Ujumbe hupelekwa ukiwa ndani ya fungu la baiti liitwalo fremu. Fremu ina baiti 14 za mwanzo, ambazo hutaja anwani ya mpokeaji, anwani ya mpelekaji na aina ya mzigo. Kisha huja mzigo wenyewe, na mwisho baiti 4 za kukagulia kama fremu imefika salama.

Hapo mwanzo kompyuta zote zilishirikiana waya mmoja, na mbili zikisema kwa pamoja ujumbe wao uligongana. Ilikuwa lazima kompyuta inayopeleka itambue mgongano kabla haijamaliza kupeleka. La sivyo ingedhani ujumbe wake umefika. Kwa waya mrefu wa kiasi cha meta 2,500 na mwendo wa biti milioni 10 kwa sekunde, wabunifu waliamua kwamba fremu isipungue biti 512, yaani baiti 64, ambazo huchukua maikrosekunde 51.2 kupelekwa. Ukitoa baiti 14 za mwanzo na 4 za mwisho, zinabaki 46. Mzigo ukiwa mdogo kuliko baiti 46, huongezwa baiti za kujazia nafasi. Baiti hizo huitwa vijazio. Siku hizi kompyuta nyingi huunganishwa kwa swichi na migongano imetoweka, lakini sheria ya baiti 64 imebaki.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, katika Wilaya ya Karatu, angeweza kuielewa sheria hiyo upesi. Tuseme msafirishaji hapokei gunia lisilojaa, kwa kuwa mzigo utayumba. Mkulima mwenye vitunguu pungufu hujazia majani makavu juu yake, na kuandika katika hati ya mzigo idadi ya vitunguu alivyoviweka. Mpokeaji mwenye busara husoma hati, akatoa vitunguu vyake na kuyatupa majani. Mpokeaji asiyesoma hati atayahesabu majani kuwa ni vitunguu, au atalikataa gunia zima akidai limeharibika.

HITILAFU INAVYOZALIWA

Ujumbe wa NTP una baiti 48. Ukiongezewa baiti 8 za UDP na 20 za IP, mzigo unakuwa baiti 76, na hauhitaji kijazio chochote. Mambo ni tofauti kwa PTP inapopelekwa moja kwa moja juu ya Etheneti bila IP. Ujumbe wake wa kutaja saa, uitwao Sync, una baiti 34 za kichwa na baiti 10 za muhuri wa saa. Jumla ni 44. Zimepungua baiti mbili tu kufikia 46, kwa hiyo kila ujumbe wa Sync husafiri na vijazio viwili.

Kiwango cha PTP hakikusahau hati ya mzigo. Baiti ya tatu na ya nne za kichwa hutaja urefu halisi wa ujumbe. Lakini kadi ya mtandao nayo huiarifu programu idadi ya baiti zilizofika, na idadi hiyo inajumlisha vijazio. Mtunga programu akitumia hesabu ya kadi badala ya urefu uliotajwa kichwani, programu yake itaona baiti mbili zilizosalia baada ya muhuri wa saa.

PTP huruhusu nyongeza kufuata ujumbe, na kila nyongeza huanza kwa baiti mbili za kutaja aina yake na baiti mbili za kutaja urefu wake. Programu huzidhania zile baiti mbili kuwa mwanzo wa nyongeza. Inatafuta nyingine mbili za urefu, haizioni, na kuamua kwamba ujumbe mzima ni mbovu. Ujumbe uliokuwa mzima kabisa hutupwa, na saa hubaki bila kurekebishwa.

Watunga programu wengine hujaribu kukwepa shida hii kwa kutazama kama baiti za mwisho ni sifuri. Njia hiyo haitegemeki. Maelezo ya RFC 894 ya mwaka 1984, yahusuyo kupeleka pakiti za IP juu ya Etheneti, yalitaka vijazio viwe sifuri, na yakasema wazi kwamba si sehemu ya pakiti. Hata hivyo mwezi Januari 2003 ilitangazwa kwamba programu nyingi za kuendeshea kadi za mtandao zilikuwa zikijazia nafasi kwa mabaki ya kumbukumbu ya kompyuta, yaani vipande vya ujumbe mwingine uliopita. Kasoro hiyo ilipewa jina la Etherleak. Ilikuwa hatari kwa siri za watu, na pia ilionyesha kwamba kilichomo ndani ya vijazio hakiwezi kuaminiwa.

Tatizo huzidi kwa sababu vijazio vyaweza kuongezwa au kupunguzwa njiani. Katika mitandao iliyogawanywa kwa lebo za VLAN, fremu huongezewa baiti 4 za lebo. Fremu ya Sync yenye lebo huzidi baiti 64 bila kijazio. Swichi ikiiondoa lebo, fremu hupungua hadi baiti 62 na swichi hulazimika kuongeza vijazio viwili. Hivyo programu ile ile yaweza kufanya kazi upande mmoja wa swichi na kushindwa upande wa pili.

KUTAFUTA CHANZO

Fikiria kituo cha kubuni cha kupimia mitetemeko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kina saa moja kuu inayopokea wakati kutoka setilaiti, na vinasa mitetemeko vitatu vilivyounganishwa nayo kwa Etheneti. Fundi anakuta kwamba kinasa kimoja kipya kinaitambua saa kuu na kutaja jina lake, lakini saa yake inaelea na kuzidi kupotea. Afanye nini?

Kwanza, atazame ni ujumbe gani unaopokelewa na ni upi unaokataliwa. PTP ina ujumbe wa aina kadhaa. Ujumbe wa Announce, ambao saa kuu hujitambulisha kwao, una baiti 64. Jibu la ombi la kupima ucheleweshaji lina baiti 54. Sync na Follow_Up zina baiti 44. Kinasa kinamtambua mkuu wake, maana yake Announce inapita. Sync ikikataliwa, jambo moja linazitenganisha aina hizo: zinazopita zimezidi baiti 46 na zinazokataliwa zimepungua. Dalili hii peke yake yatosha kuelekeza shaka kwenye vijazio.

Pili, anase fremu katika ncha zote mbili za waya na kulinganisha. Hapa pana mtego. Kwa mpelekaji, programu ya kunasa mara nyingi huiona fremu kabla kadi haijaijazia, nayo itaonyesha baiti 58, yaani 14 na 44. Kwa mpokeaji itaonyesha baiti 60, kwa kuwa vijazio viwili vimekwisha kuongezwa, na baiti 4 za ukaguzi zimeondolewa na kadi. Anayetazama upande wa mpelekaji peke yake ataapa kwamba hakuna vijazio kabisa.

Tatu, abadili jambo moja tu na kuacha mengine yote kama yalivyo. Vyombo vyote vipange kupeleka PTP ndani ya UDP na IP. Sasa mzigo ni 44 na 8 na 20, yaani baiti 72, na vijazio havihitajiki. Saa ikianza kutii, shaka imekaribia kuwa hakika. Yafaa kutumia IPv4 katika jaribio hili, kwa maana kiwango cha mwaka 2008 kinaagiza baiti mbili ziongezwe mwishoni mwa ujumbe ndani ya IPv6 kwa sababu nyingine, na jaribio litachanganyikiwa.

Nne, programu isahihishwe. Isome urefu uliotajwa kichwani. Ishughulikie baiti hizo tu. Izipuuze zilizosalia bila kuukataa ujumbe. Lakini urefu uliotajwa ukizidi idadi ya baiti zilizofika, ujumbe ukataliwe mara moja, kwa sababu kusoma mahali ambapo mzigo haupo ni hatari kwa programu nzima. Gunia lenye majani ya ziada ni la halali. Gunia lenye vitunguu pungufu ya hati sharti lirudishwe.

KOSA LA PILI, LISILOPIGA KELELE

Ujumbe ukikataliwa, fundi huona onyo. Kuna kosa lingine ambalo halitoi onyo lolote. Baadhi ya programu huuhamisha muhuri wa saa kutoka mwanzo wa fremu hadi mwisho wake. Programu ya chrony, iliyoanza kutumia mihuri ya kadi katika toleo la 3.0 la mwaka 2017, hufanya hivyo kwa ujumbe unaopokelewa. Ili kufanya hesabu hiyo sharti programu ijue urefu kamili wa fremu na mwendo wa waya.

Tuseme programu fulani inasahau vijazio viwili na kuhesabu baiti 62 badala ya 64. Baiti mbili ni biti 16. Katika waya wa biti milioni 100 kwa sekunde, kosa ni nanosekunde 160; katika waya wa biti bilioni moja, ni nanosekunde 16. Kosa likiwa upande mmoja tu, saa itapotoka kwa nusu yake, kama ilivyokuwa kwa tarishi wa Karatu. Kwa mtetemeko wa ardhi, nanosekunde 80 si kitu. Lakini mawimbi ya redio husafiri takriban sentimeta 30 katika nanosekunde moja. Anayetafuta mahali kwa mawimbi ya redio, akipotoka kwa nanosekunde 80, amepotoka kwa meta 24.

Fundisho la habari hii halihusu kompyuta peke yake. Kila kipimo kina sehemu yenye maana na sehemu iliyowekwa kwa ajili ya chombo cha kuibebea. Mpimaji asiyezitenganisha sehemu hizo atapata jibu ambalo huenda likaonekana sahihi mpaka atakapobadili chombo.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Kreta ya Ngorongoro iko karibu na longitudo 35°35′ Mashariki. Kwa wastani, jua hufika utosini huko dakika ngapi baada ya saa sita kamili?

2. Ujumbe wa baiti 30 unapelekwa moja kwa moja juu ya Etheneti. Vinahitajika vijazio vingapi, na fremu nzima itakuwa na baiti ngapi?

3. Programu imesahau vijazio viwili, upande mmoja tu, katika waya wa biti milioni 10 kwa sekunde. Saa itapotoka kwa kiasi gani?

Majibu: (1) Dakika 37 na sekunde 40. (2) Vijazio 16, baiti 64. (3) Maikrosekunde 0.8.